Pilsner ya Mjomba wa Kasaji

Ndugu zangu mnaokunywa kwenye terasi yangu, kila mmoja wenu ameniuliza nilipotelea wapi, na kila mmoja nimempa kipande. Sasa mnabishana wenyewe kwa wenyewe kuhusu safari ambayo hakuna hata mmoja wenu aliyekwenda. Naandika mara moja, mwanzo hadi mwisho. Atakayeniuliza tena nitamuuzia bia ya moto.

Mnamjua Trésor, mtoto wa marehemu kaka yangu, niliyemlea mimi kati ya friji na jiko la mbuzi. Mnajua pia kwamba alitaka kumwoa Nadège, yule binti mpole wa Kasaji aliyekuwa akisoma huku Lubumbashi. Msilolijua ni kwamba Nadège alikuwa tayari ana mimba. Tulijua watu watatu tu: wao wawili na mimi. Kwa akina Nadège, tumbo likijulikana kabla dot, yaani mahari, haijapokelewa, mazungumzo yanavunjika. Msichana anabaki nyumbani mpaka ajifungue, na mtoto anahesabiwa wa upande wa mama, baba yake atake asitake. Trésor alinieleza haya akilia, na kulia kwa Trésor mimi sikuwezi.

Mwenye neno la mwisho hakuwa baba wa Nadège. Alikuwa mjomba wake, kaka wa mama yake, Tata Kapend, mstaafu wa reli. Alikuwa amekwisha kukubali mbuzi, blanketi, suti na viatu. Kisha akapiga simu, mpole kabisa, akaongeza sharti.

"Pombe ya kiwanda, kila mutu mwenye kupita anaweza kuinunua," alisema. "Ku dot ya mutoto wangu mi nitakunywa pilsner ya kupikiwa huku kwetu Lualaba, na mutu mwenye munaweza kuniambia jina yake. Nilisikia ku radio kama iko. Mukikosa, haiko mubaya. Tutangoja mwaka yenye kuya."

Mwaka unaokuja! Tumbo lilikuwa na hesabu yake, halikuwa na habari na radio ya Tata Kapend. Na kwa kuwa mimi ndiye muuza bia wa ukoo, wote waligeuka wakanitazama mimi.

Lubumbashi hadi Kolwezi: bila haraka ya mtu yeyote

Basi la Kolwezi, mji mkuu wa Lualaba, liliondoka likiwa limechelewa, likachelewa zaidi Likasi, kisha likasimama kabisa nyuma ya foleni ya malori ya shaba. Lori moja lilikuwa limelala ubavu barabarani, na madereva wengine walishuka kulitazama kwa utulivu wa watu waliokuja kuona maiti. Hakuna aliyefanya kitu. Wauzaji walitokea porini na mihogo ya kuchemsha na karanga, nikala kwa hasira mpaka tumbo likauma.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mchungaji mwenye suti ya kijani. Aliniuliza ninakwenda kufanya nini Kolwezi, nami kwa ujinga wangu nikamjibu ukweli: natafuta bia.

"Mama, we uko natoka Lubumbashi mpaka Kolwezi ju ya pombe?"

"Si ya kunywa mimi, tata. Ni ya dot."

Neno la pili hakulisikia. Alikwisha kunishika kichwa. Aliniombea ini, akaniombea watoto wangu, akaamuru roho ya chupa initoke, na basi zima, lililokuwa halina kazi nyingine, likaitikia amina. Mama mmoja wa nyuma alinipa machungwa kwa huruma. Niliyapokea, maana ningefanyaje? Tulipofika Kolwezi, mchungaji alimwambia dereva wa pikipiki asinipeleke kwenye baa.

Kolwezi: kila mtu anajua, hakuna anayejua

Dereva huyo aliitwa Gloire, kijana mwenye koti zito kwenye jua kali. Hakumsikiliza mchungaji. Nilimwambia nataka pombe iliyopikwa hapa hapa, na akaniambia nisiwe na wasiwasi, anamjua mtu. Nimezeeka kiasi cha kuogopa maneno hayo, lakini nilipanda.

Alinipeleka kwa Mama Séraphine, mpika munkoyo. Ni kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kizuri, kimetulea wote, nikanywa kikombe kwa adabu. Kisha nikaeleza kwamba sitafuti munkoyo. Gloire akasema ameelewa sasa. Akanipeleka kwa mzee wa lutuku, ile pombe kali ya kuchemshwa inayofungua pua na kufunga macho. Nikaeleza tena. Nataka bia. Ya rangi ya dhahabu, yenye povu, ya baridi, chungu kidogo. Gloire akapiga paji la uso. Kumbe! Sasa ameelewa kabisa.

Akanipeleka kwenye baa moja yenye viyoyozi, wanakokaa wahandisi wa migodi. Mhudumu alileta chupa nzuri, karatasi yake imechorwa sululu ya mchimbaji, na imeandikwa pilsner ya mafundi. Nilikaribia kumkumbatia. Kisha nikaigeuza chupa, nikasoma nyuma kwa miwani, nikakuta imepikwa nchi nyingine kabisa, ng'ambo ya mpaka.

"Hii si ya hapa," nilisema.

"Inauzikiwa hapa, mama," alijibu, akishangaa jinsi ninavyopenda matata.

Niliinywa, kwa kuwa ilikuwa imefunguliwa. Ilikuwa tamu, na utamu katika pilsner ni kosa ambalo sisamehi. Tulirudi kwa Mama Séraphine kwa sababu Gloire alikuwa amesahau kofia yake huko. Mimi nilikaa kwenye benchi, nikalalamika kwa sauti, simwambii mtu yeyote, kwamba nimezunguka mji mzima na hakuna anayepika bia ya njano.

"Ya njano?" alisema Mama Séraphine. "Iko tata moja ya Nzilo. Eko anapika pombe ya njano, anaiweka mu baridi bayenga mingi, juma ku juma, haiuzishe, haikunywe kabla ya siku yake. Sisi tunamuchekaka."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia asubuhi.

"Asubuhi uliniuliza pombe ya hapa. Nzilo si hapa."

Niliomba kikombe kingine cha munkoyo, maana koo lilikuwa limekauka kwa kusema.

Nzilo: chini ya nyaya

Kufika Nzilo ni vumbi, mashimo, halafu vumbi. Bwawa liko pale, maji ya mto Lualaba yanazungusha mitambo, nyaya nene zinapita juu ya vichwa kwenda migodini. Na chini ya nyaya hizo, katika ua wa Tata Dieudonné, umeme ulikuwa umekatika. Alinieleza jambo hilo bila uchungu. Uchungu niliufanya mimi kwa niaba yake.

Ni mtu mwembamba, aliyewahi kuchomelea vyuma migodini, na matangi yake ameyachomelea mwenyewe. Kwa kuwa hawezi kuitegemea friji, amezungusha bomba la maji baridi kwenye tangi, na maji hayo yanateremka usiku na mchana. Nilimuuliza kwa nini anajitesa hivyo wakati angeweza kupika munkoyo na kuuza kesho yake.

"Lager, hii ya njano, haipende mbio," alisema. "Ukiiharakisha inanuka yai. Batu beko banacheka, lakini mi nangojaka."

Akanichotea glasi. Jamani, mimi nimefungua chupa tangu kabla baadhi yenu hamjajua kushika glasi, na nawaambia niliinua glasi ile kwenye jua kwanza. Ilikuwa angavu, ningeweza kusoma gazeti upande wa pili. Povu lilikaa. Ilikuwa na uchungu mfupi, safi, halafu harufu ya mkate, halafu ukataka tena. Nilikunywa ya pili nikiwa nimekaa juu ya ndoo, na kwa mara ya kwanza tangu niondoke nyumbani nilifurahi. Nilimwambia nataka kreti tatu za kupeleka Kasaji.

"Kasaji!" alisema. "Bibi yangu ni mutu wa Kasaji." Aliita jikoni, na mkewe, Mama Odette, akatoka akifuta mikono, akaniuliza ni dot ya nani. Nilipomtajia Tata Kapend aliinua nyusi. Alisema mzee huyo akisifu kitu, Kasaji nzima inakinunua, na akikataa, hata mbwa hawakinusi.

Dieudonné alikuwa tayari anatazama tangi lake kwa macho mengine. Mpaka siku hiyo alikuwa anauzia majirani wachache na padri mmoja. Kisha akaniuliza kitu kilichonirudisha duniani.

"Bouteilles biko wapi, mama?"

Yeye hana chupa. Chupa ni mali ya biashara kubwa, zinazunguka zikiwa tupu na kurudi zikiwa zimejaa, na mpikaji mdogo hubaki na tangi lake. Bia ninayo, alisema, vifuniko ninavyo, mashine ya mkono ya kufungia ninayo. Leta chupa tupu.

Kolwezi tena: kutafuta chupa tupu

Nilikwenda kwenye depo ya vinywaji, nikaomba kununua kreti tatu za chupa tupu. Karani alinitazama kama niliyeomba kununua kivuli.

"Chupa tupu hatuuzishe, mama. Chupa tupu inaletwaka, haiendake."

"Nitalipa."

"Utalipa ya nini? Lete tupu, nikupe ya kuyala bia. Ao ununue ya kuyala, we mwenyewe ukunywe, ubakie na tupu."

Mimi ninauza bia. Ninajua mambo ya vidange, yaani chupa tupu za kurudisha, nimegombana na kila dereva wa ugavi Lubumbashi kwa chupa moja iliyovunjika. Na bado sikuwa nimefikiria hata kidogo kuchukua tupu zangu za terasi, zilizorundikana nyuma ya choo, mnazijua. Nilijitukana kwa lugha zote ninazozijua.

Nikanunua kreti tatu zilizojaa, na sasa ilibidi zinywewe, mchana kweupe, na watu wa kunywa ni mimi na Gloire, na Gloire anaendesha. Kumwaga bia chini siwezi, hata iwe ya kiwanda. Tulisimama kando ya barabara inayotoka kwenye machimbo. Wachimbaji walikuwa wanarudi na magunia mgongoni, weupe kwa vumbi. Nilimwita mmoja, nikamwambia achukue chupa anywe, lakini aniachie chupa.

Hakuamini. Kwa watu hawa bia ya bure ina maana ya uchaguzi. Wakaniuliza ni chama gani. Nikasema sina chama. Mmoja, mrefu, wa Kasai kwa lafudhi, aliwaambia wenzake wasiguse, pengine ni watu wa kampuni wanataka tulewe watuondoe kwenye shimo.

"Jamani, mi natafuta chupa tu," nilisema. "Ni ju ya dot."

Hapo nyuso zikafunguka. Wengi wao wamekuja kuchimba kwa sababu hiyo hiyo moja, kila mmoja ana binti mahali fulani na mjomba fulani asiyeshibika. Wakakaa chini. Walikunywa kwa bidii, kama wanaonisaidia kubeba kitu, na mmoja alinihadithia mjomba wa mchumba wake anayetaka pikipiki mbili. Yule wa Kasai alikusanya tupu mwenyewe, akazihesabu kwenye kreti, akazifuta midomo kwa fulana yake chafu. Nikamshukuru. Kisha nikarudi Nzilo kuziosha zote upya, na Dieudonné akazijaza na kuzifunga.

Kolwezi hadi Kasaji: mchanga

Trésor na wajomba zetu walikuwa wametangulia na mbuzi. Mimi nilifuata kwa lori la chumvi na sabuni, kreti zangu zimefunikwa magunia yaliyoloweshwa maji, na kila tuliposimama niliyamwagia tena. Tulisimama mara nyingi. Baada ya Mutshatsha barabara inageuka mchanga, na lori lilizama, tukalichimbua, likazama tena hatua chache mbele. Dereva, Papa Willy, alikuwa na falsafa kwamba kukasirika kunapunguza mafuta. Mimi nilikasirika kwa niaba ya wote.

Kila aliyetusaidia kusukuma alitaka kuonja. Niliwaambia ni dawa ya mjomba mgonjwa. Mzee mmoja wa baiskeli aliniuliza ni ugonjwa gani unaotibiwa na kreti tatu, nikamwambia ni wa kichwa. Tulikula bukari, ugali wetu, na viwavi vya kukaanga kwa mwanamke wa kando ya reli, chakula pekee cha safari yote nisichokilalamikia. Treni haikupita. Watu waliokuwa wakiingoja walinisalimu kwa heshima, wakidhani na mimi naingoja.

Kasaji: glasi ya kwanza

Niliwasili siku ile ile ya dot, nikiwa nimejaa mchanga mpaka kwenye masikio. Mbuzi walikuwa wamekubaliwa. Watu wamekaa pande mbili, sisi huku, wao kule, na katikati Tata Kapend kwenye kiti chenye mto, kofia ya reli kichwani. Nilizipoza chupa kwenye pipa la maji ya kisima, nikamletea. Nikataja jina kwa sauti: imepikwa Nzilo, na Tata Dieudonné, mume wa Odette wa hapa hapa. Upande wao wakanong'ona kwa kuridhika.

Kwa desturi yao, binti ndiye anayeonja kwanza. Akinywa na kumpa mjomba wake, ameikubali ndoa, na mjomba akitamka kwamba mambo yamekwisha, hakuna wa kurudisha neno. Wakamleta Nadège, amevikwa kitenge, amepauka. Akapokea glasi. Akanywa kidogo. Akampa mjomba kwa magoti, vizuri kabisa, na mimi nikatoa pumzi niliyokuwa nimeishika tangu Lubumbashi.

Tata Kapend alikunywa glasi yote bila kuishusha. Akapangusa masharubu. Kisha aliinyosha glasi nimjazie tena, na sisi wauza bia tunajua hiyo ni hotuba.

Ndipo Nadège alipoweka mkono mdomoni, akasimama, akakimbia, akatapika kando ya mlango mbele ya watu wote.

Wanaume walitazama wakiwa hawajaelewa. Lakini wanawake wa upande wao, shangazi zake, mama yake mdogo, niliona macho yao yakishuka taratibu kutoka usoni kwake kwenda kwenye kitenge. Trésor alikuwa amegeuka rangi ya majivu. Katika pumzi mbili, mmoja wao angelisema.

Nikasimama mimi. Nilichukua chupa, nikainusa, nikatema chini.

"Mutusamehe, batata na bamama," nilisema. "Ni makosa yangu. Pombe imeharibika. Joto ya njia imeiua. Hata mi nilipoionja mu njia nilisikia tumbo. Ule mutu wa Nzilo hajue kazi, alinidanganya."

Sijui kwa nini niliongeza hilo la mwisho. Uongo ukianza unataka mtu wa kuubeba.

Watu wote wakamgeukia Tata Kapend, maana zaidi ya Nadège ni yeye peke yake aliyekuwa amekunywa. Alikuwa ameshika glasi yake ya pili, safi, povu limekaa. Aliitazama. Akamtazama Nadège aliyeinama mlangoni. Akanitazama mimi kwa muda, na nikajua kwamba mzee ameelewa kila kitu, mimba, mchanga na mimi.

"Ni kweli," alisema. "Iko ya kuharibika. Mutoto alionja, alinipa, mi nilikunywa. Mambo imekwisha. Leteni ile ya kiwanda, batu bakunywe." Kisha akaweka glasi chini ya kiti chake. "Na hii yote muniachie. Nitaimwaga mi mwenyewe."

Vigelegele vikapigwa. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikalia.

Nzilo, kurudi

Habari ilinitangulia. Mama Odette alikuwa amepigiwa simu na dada zake wote, mmoja baada ya mwingine: pombe ya mume wako imemtapisha bibi arusi mbele ya Tata Kapend. Nilipoingia uani hakunisalimu. Dieudonné alikuwa anasugua ndani ya tangi kwa brashi, na ardhi yote mpaka kwenye ukingo wa maji ilikuwa imelowa, inanuka mkate.

"Nilionja mara mingi, mama," alisema. "Sikuona kitu mubaya. Lakini ulimi yako ni ya kazi, we unajua. Nikamwaga yote. Unisamehe, nilikuhaibisha ku dot."

Yeye ndiye aliyeniomba msamaha. Mimi nilikaa kwenye ile ndoo, na kwa kuwa Odette ana dada wengi na simu, nilingoja aingie jikoni. Ndipo nikamwambia kwa sauti ya chini, yote, na nikamwomba anyamaze mpaka ndoa ya kanisani ipite.

Aliiweka brashi juu ya ukingo wa tangi. Nilingoja matusi, nilikuwa tayari kuyapokea.

"Mutoto mu tumbo eko muzima?" aliuliza.

"Yuko mzima."

"Na muzee alikunywa glasi yote?"

"Yote. Akataka tena. Zilizobaki ameweka chumbani kwake."

Alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Basi ni yeye tu anajua pombe haikuharibika. Na haweze kusema."

Hakuwa amekosea. Tangi la pili atalipika, na litangoja baridi yake, na Kasaji hakuna atakayelinunua, Kolwezi nako simu zimefika. Nilimwahidi nitamlipa tangi lile, akakataa. Mkewe hakutoka kuniaga.

Ndoa ya kanisani ilipita Jumamosi iliyopita, na tumbo la Nadège sasa linatangulia kuingia mlangoni. Kwa hiyo mdomo wangu umefunguliwa. Mtasikia wasafiri wa Kasaji wakisema kwamba bia ya Nzilo inatapisha watu, tena watasema mama mmoja muuza bia wa Lubumbashi, mwenye ulimi wa kazi, ndiye aliyethibitisha. Ni mimi. Nilisema uongo. Bia ya Tata Dieudonné ni pilsner nzuri kuliko zote nilizowahi kunywa, na naomba kila anayesoma hapa akaiseme hivyo mahali popote anapokunywa.